Ukuta Chini ya Plasta: Kusoma Bweni la Zamani la Misheni, Masasi na Ndanda

Jiwe la ukumbusho lisikudanganye. Mwaka uliochongwa juu ya mlango unaweza kuwa mwaka wa kubariki jengo, wa kuezeka upya, au wa jubilei ya jambo lingine kabisa. Anayetaka kuandika historia ya bweni la misheni katika ukanda huu aanze na ukuta, kisha karatasi, kisha wazee. Na asichelewe, maana kinachofuta historia hii kwa kasi siku hizi ni mfuko wa saruji, kuliko hata mchwa na mvua.

Tuweke kwanza mipaka ya miaka. Misheni ya Masasi ilianza 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, alipopanda kutoka Lindi na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Septemba 1882 Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, wakaivamia, na Chauncy Maples akaenda kuanza upya Newala. Kwa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia, watawa Wakatoliki kutoka Ujerumani, mambo yalikuwa hivyo hivyo: Lukuledi ilifunguliwa 1895, Nyangao 1896, na Agosti 1905, Vita vya Majimaji vilipopamba moto, zote mbili zikateketea. Ndanda ikaanzishwa 1906, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, mahali penye chemchemi.

Kwa hiyo ukiambiwa “bweni hili lipo tangu mapadre wa kwanza”, itikia kwa heshima halafu endelea kupima. Mapadre wa kwanza waliishi katika nyumba za miti, udongo na nyasi kama majirani zao, na nyumba ya namna hiyo haiachi ukuta. Huacha alama ya msingi, vigae vya vyungu na udongo mwekundu uliokomaa kwa moto. Nyasi ndizo zilizofanya misheni ziteketee upesi, na moto huo ndio ulioleta mjadala wa bati na vigae.

Bati lilikuwa na gharama yake. Toka Lindi hadi Masasi ni kama kilometa 140, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Bati la geji 26 la futi 8 lina uzito wa kilo kama 8, hivyo mtu mmoja alibeba mabati matatu, na yalimsumbua kwa urefu kuliko kwa uzito. Saruji ilikuja kwa pipa la mbao la kilo kama 170. Hilo halibebeki, lazima ligawanywe mafungu sita, tena yakingwe na umande. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini saruji katika majengo ya zamani imewekwa kwa mkono mgumu: kwenye tangi la maji, kizingiti cha mlango, sakafu ya kanisa. Kwenye kuta, hapana.

Ila usikimbilie kusema kila chenye saruji ni cha juzi. Steere huyo huyo alilifunika kanisa la Mkunazini, Unguja, kwa paa la mviringo la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji ya Portland, miaka ya 1870. Saruji ilijulikana zamani. Kilichokosekana bara ilikuwa njia ya kuifikisha.

Ukuta wenyewe utaukuta wa aina tatu. Kuna wa mawe ya milima ya Masasi yaliyoshikwa kwa udongo, maungio yake yakafungwa kwa chokaa upande wa nje tu. Kuna wa matofali mabichi yaliyokaushwa juani. Na kuna wa matofali ya kuchoma, ambao ndio wengi wanaufikiria wanaposikia neno misheni. Mara nyingine aina zote tatu zimo katika jengo moja: mawe kwenye msingi, ya kuchoma kwenye pembe na kuzunguka madirisha, mabichi katikati. Hiyo haikuwa kulipua kazi, ni hesabu ya kuni za kuchomea tofali.

Chukua bweni la meta 20 kwa 6, kuta zenye kimo cha meta 3. Mzunguko ni meta 52, sawa na meta za mraba 156; toa milango na madirisha zibaki kama 130. Ukuta wa unene wa tofali moja unakula kama matofali 100 kwa meta moja ya mraba, hivyo unahitaji 13,000. Ukiufanya wa tofali moja na nusu, karibu 20,000, kabla hujahesabu yaliyovunjika na yaliyopasuka tanuruni. Na kila tanuru hutoa tofali za namna tatu: za katikati zinaungua sana mpaka zinang’aa na kupinda, zinazofuata ndizo nzuri, za pembeni zinabaki nusu mbichi, rangi ya chungwa iliyofifia. Fundi mwenye akili aliweka nzuri nje na kwenye pembe, nusu mbichi akazificha upande wa ndani chini ya lipu. Ndiyo maana bweni la zamani huanza kumomonyoka kwa ndani wakati nje linaonekana zima.

Pima tofali. Kipimo rasmi cha Ujerumani tangu 1872 kilikuwa sentimeta 25 kwa 12 kwa 6.5, cha Waingereza kilikaribia 23 kwa 11 kwa 7.5. Bruda aliyetengeneza fremu ya kufyatulia aliitengeneza kwa kipimo alichozoea kwao. Lakini udongo husinyaa ukikauka, tena husinyaa ukichomwa, na kila kichuguu kina tabia yake, kwa hiyo tofali moja halisemi kitu. Pima kumi zilizo kwenye ukuta mmoja, urefu na kimo, uchukue wastani. Wastani wa ukuta wa mashariki ukitofautiana kwa sentimeta nzima na wa magharibi, umepata fremu mbili, na fremu mbili maana yake ni nyakati mbili za ujenzi.

Thibitisha kwa kutafuta ufa ulionyooka. Ukuta uliojengwa mara moja, tofali zake zimeshikana kwa kupishana. Ulioongezwa baadaye unaacha mstari wima toka msingi hadi juu, na plasta hupasuka papo hapo hata ukiiziba mara ngapi. Mafundi wengi huuona kama ubovu, wanachonga na kuujaza saruji. Ubovu gani? Pale ndipo bweni la vitanda ishirini lilipogeuka la vitanda arobaini.

Swali la lini linajibiwa na mambo ya nje ya jengo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza wa UMCA, na kazi ikabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika. Vita vilipogeuka, ikawa zamu ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa, wakarudi katika miaka ya 1920. Kwa hiyo usitegemee kupata jengo kubwa la kati ya 1914 na miaka ya mwanzo ya 1920. Utapata viraka vya udongo tu. Ripoti ya Tume ya Phelps-Stokes kuhusu elimu ya Waafrika ikatoka 1925, Sheria ya Elimu ikafuata 1927, na kuanzia hapo shule ya misheni iliweza kupewa ruzuku ya serikali kwa sharti la kukaguliwa. Mkaguzi anauliza vitanda, hewa, vyoo na jiko. Kuta zikapanda, madirisha yakaongezeka, jiko likasogezwa mbali na paa la bweni. 1931 eneo la abasia ya Lindi, yaani jimbo lililoongozwa na abate, liligawanywa, Ndanda upande huu na Peramiho upande wa Songea, na Ndanda ikawa makao makuu yenye karakana zake. Bweni lenye fremu za milango zilizounganishwa kwa ulimi na tundu, zikagongewa vigingi vya mbao badala ya misumari, limepita kwenye mikono ya karakana.

Upande wa Waanglikana kuna jambo moja la kuliangalia zaidi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi 1926 hadi 1944, alijulikana kwa kulipa jando sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Bweni na jando viligombea mtoto yule yule, wa umri ule ule. Kwa hiyo usiishie kupima bweni. Uliza kambi ya jando ilikuwa upande gani, na kama wasichana walikuwa na ua wao wenyewe. Mpango wa eneo zima utakueleza hofu na maafikiano ya wakati huo kuliko barua yoyote.

Halafu zikaja karanga. Mradi wa karanga wa Nachingwea, 1947 hadi 1951, haukutoa karanga za kutajika, lakini uliacha reli na bandari ya Mtwara. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda huo mfupi nondo, saruji na madirisha ya chuma viliweza kusafiri kwa behewa. Ukikuta linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) ya zege yenye nondo, au madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo, usifikirie nyuma sana ya hapo. Madirisha ya luva za kioo ni ya baadaye zaidi. Na ukikuta karatasi za asbesto kwenye paa au dari, usizikate, usizipige msasa, usizifagie zikiwa kavu. Ziache zilipo mpaka apatikane anayejua kuzitoa zikiwa zimeloweshwa maji. Vumbi lake linaua mapafu, polepole.

Tabaka linalofuata ni rangi. Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali mamlaka juu ya shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na utekelezaji ukaanza 1970. Chidya ya Waanglikana na Ndanda ya Wabenediktini zikawa za serikali. Seminari ndogo, kama Namupa, zilibaki kwa Kanisa. Ukitaka kuiona hatua hiyo ukutani, kwangua kwa kisu sehemu ndogo, saizi ya sarafu, nyuma ya mlango. Tabaka za chini ni chokaa nyeupe, nyembamba nyingi. Juu yake inakuja rangi ya mafuta, ya bluu, kijani au kahawia, toka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Rangi hiyo ilipendwa kwa sababu inafutika kwa kitambaa. Ubaya wake tutaufikia.

Baadaye vyumba vilikatwa katikati, bweni likawa madarasa mawili, darasa likawa stoo. Mipango ya maendeleo ya elimu ilipoanza, MMEM ya msingi 2002 na MMES ya sekondari 2004, nguvu zikaenda kwenye madarasa mapya ya tofali za saruji, na ya zamani yakaachiwa pesa ya ukarabati wa juu juu. Kisha 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa Msijute, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Kwa wajenzi ni neema. Kwa ukuta wa udongo na chokaa ni mtihani mkubwa.

Sababu ni hii. Bweni la zamani halina karatasi ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Masika, maji yanapanda toka ardhini ndani ya tofali na udongo, kiasi cha nusu meta hadi meta moja. Kiangazi yanatoka kwa kupumulia kwenye lipu ya chokaa. Ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na hakuna kinachoharibika haraka. Sasa piga plasta ya saruji, au rangi ya mafuta. Maji yanaendelea kupanda kwa chini lakini hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Chumvi iliyomo inaganda nyuma ya plasta na kusukuma. Baada ya misimu michache plasta inatoa sauti ya mvungu, kisha inadondoka kipande kizima kikiwa kimeng’oa na uso wa tofali. Fundi anaitwa, anasema “plasta ya mwanzo ilikuwa dhaifu”, anaongeza saruji. Kila mzunguko unakula sentimeta moja au mbili za ukuta, na ndani yake, udongo ulioshika tofali unabaki laini kama uji.

Kabla ya kumlaumu fundi, jiridhishe ukuta umeshikwa kwa nini. Chokoa kipande cha udongo wa maungio kisichozidi kokwa la embe, kitie kwenye glasi ya maji. Kikiyeyuka kabisa ni udongo. Kisipoyeyuka, kidondoshee ndimu au siki: kikitoa mapovu, pana chokaa. Hapa kuna mtego. Mchanga wa pwani wenye vipande vya matumbawe unatoa mapovu hata bila chokaa, na saruji ya miaka mingi nayo hutoa kidogo. Kwa hiyo jaribu pia kwa msumari: chokaa huchunika unga mweupe, saruji hubaki na mkwaruzo wa kijivu tu.

Matengenezo yanaanza na maji. Miaka hamsini ya kufagia uwanja imepandisha udongo mpaka ukafunika msingi. Chimba ushuke sentimeta 15 hadi 20 chini ya sakafu, na ardhi iteremke kuelekea nje angalau meta moja. Gata zilizotoboka ni afadhali uzitoe kuliko kuziacha zikimwaga mahali pamoja. Kisha ondoa saruji kwa tindo na nyundo, toka juu kwenda chini, siyo kwa mashine. Panapogoma na kung’oa tofali, acha. Ukuta uliofunuliwa uukaushe kiangazi chote, Juni hadi Oktoba, kabla ya kuweka kitu. Hapo ndipo wafadhili wanapokosa subira, kwa kuwa bajeti inaisha Juni.

Lipu ni chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa ujazo. Mchanga uwe wa mto, wenye punje kubwa na ndogo; wa baharini una chumvi ile ile unayoikimbia. Tikisa konzi mbili za mchanga kwenye chupa ya maji: tope likitanda juu ya mchanga zaidi ya sehemu moja ya kumi, uoshe. Chokaa ya kuchoma matumbawe hai usiitafute, inaua bahari na imekatazwa. Ya mifuko kutoka Tanga inatosha, mradi iwe chokaa ya ujenzi. Mifuko mingine inayouzwa kwa jina hilo ni unga wa chokaa wa kupakia rangi au kunyunyizia mashambani. Hiyo haigandi hata ikae mwaka. Loweka wiki mbili au zaidi kwenye pipa, maji yakiwa juu. Kama umepata chokaa hai ya mawe, mimina chokaa ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya chokaa, na vaa miwani. Inachemka na kuruka, na jicho haliponi kirahisi.

Lowesha ukuta, paka tabaka zisizozidi sentimeta moja, kila moja ingoje iliyotangulia ishike. Funika kwa magunia mabichi siku tano hadi saba. Jua la Masasi likiipata chokaa siku ya kwanza, inakauka kabla haijaganda, na utaifuta kwa kiganja kama unga. Watu wakiona hivyo husema chokaa haifai na kurudi kwenye saruji. Kuna wanaopendekeza suluhu ya kati, saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Kwenye tofali za kuchoma ngumu huenda ikakaa. Kwenye matofali mabichi au mawe ya udongo, tusingeiruhusu.

Kuhusu mchwa, panda darini na bisibisi. Choma ncha za boriti na kenchi pale zinapoingia ukutani, maana ndipo zinapoliwa kwanza, gizani na kwenye unyevu. Mkongo na mninga huweza kusimama miaka mingi. Mbao laini zilizoongezwa kama kiraka ndizo daraja la mchwa. Na bati la zamani la geji 24 au 26 lenye kutu ya juu tu lisiuzwe chuma chakavu ili uweke la geji 30, lililo jembamba zaidi. Ligeuze, litibu, lipake.

Je, sheria inalinda? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Masasi ilianza 1876, kwa hiyo misheni zote za huku ziko nje ya mstari, mpaka waziri alitangaze jengo husika. Sheria hiyo hiyo inataja milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Mlango wa nakshi ulioletwa toka Lindi au Mikindani ukafungwa kwenye nyumba ya misheni unaweza kuwa na ulinzi kuliko nyumba yenyewe. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Mwulize afisa utamaduni wa wilaya kabla mnunuzi hajafika na lori.

Karatasi zimetawanyika. Barua za UMCA, iliyoungana na shirika la SPG mwaka 1965 kuwa USPG, ziko Oxford, na jarida lao la *Central Africa* lilikuwa likichapa habari za vituo tangu 1883. Wabenediktini waliandika kronika za vituo, kwa Kijerumani, na jarida la Mtakatifu Ottilia lilichapa barua na picha. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya Wajerumani, ya serikali ya Kiingereza na vitabu vya wilaya. Omba kwa jina la kituo na siyo jina la shule, kwa kuwa shule imebadilishwa jina na kituo hakikubadilishwa. Picha za wamisionari ziangalie kwa jicho la fundi: hesabu madirisha, angalia paa, linganisha na vipimo vyako.

Wazee waulize vitu, miaka waache. Ukimwuliza bibi bweni lilijengwa lini atakupa mwaka wa kukuridhisha. Mwulize alilala upande gani wa mlango, maji yalitekwa wapi, usiku walijisaidia wapi, kengele ilikuwa kipande cha reli au kengele ya kweli. Kipande cha reli ni dokezo la wakati, si uthibitisho. Andika jibu pamoja na ulichopima, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi kamba pembeni, nakala moja ibaki kwa mkuu wa shule, ya pili parokiani au dayosisini, ya tatu halmashauri. Fanya hivyo kabla ya kiangazi, maana Julai ndipo lori la saruji linaposhusha mifuko.